Kirusi kipya hupimwaje? Mfano wa MERS hapa London



Wengi wetu huenda Umra au Hija, au kuwatembelea ndugu Oman na Dubai, kisha tunarudi na kikohozi. Nimeulizwa: ugonjwa ukiwa mpya, maabara inaujuaje wakati kipimo chake hakijatengenezwa?

Jambo hilo lilitokea hapa hapa London Septemba 2012. Mgonjwa aliletwa kwa ndege kutoka Qatar, mapafu yamezidiwa. Vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu. Ndipo ikasikika kwamba Dk. Ali Zaki wa Jeddah alikuwa amekuta kirusi cha korona kisichojulikana kwa mgonjwa aliyefariki Juni.

Maabara ya Colindale (wanaopanda Northern Line wanapajua) ikatumia PCR. Kipimo hiki hutafuta kipande cha vinasaba vya kirusi na kukinakili mara mamilioni mpaka kionekane. Tatizo ni kwamba PCR hupata kile tu ilichotumwa kutafuta. Kwa hiyo walitafuta sehemu ambayo virusi vyote vya korona hufanana, kama kumtafuta mtu kwa jina la ukoo. Jibu likawa ndiyo. Wakasoma mpangilio wa kipande kile, wakalinganisha na kirusi cha Jeddah: vilifanana kwa asilimia 99.5. Baadaye ikatengenezwa PCR ya MERS yenyewe.

Sampuli nayo ni muhimu. MERS hukaa chini kwenye mapafu, hivyo kijiti cha puani kinaweza kutoa jibu la "hakuna" na ugonjwa upo. Nesi akikuomba makohozi, kohoa kutoka kifuani. Mate hayasaidii. Kipimo cha damu cha kingamwili huchelewa. Huonyesha zaidi kwamba kirusi kilishapita mwilini.

Tena, kukutwa na mafua hakufuti MERS. Februari 2013 msafiri aliyerudi Uingereza kutoka Pakistan na Saudi Arabia alikutwa na vyote viwili.

Maabara haiwezi kukisia safari yako. Ukipata homa na kikohozi ndani ya siku 14 baada ya kutoka Uarabuni, usiende kukaa na watu kwa GP. Piga 111, utaje nchi, na useme kama uligusa ngamia au kunywa maziwa yake mabichi. Ukishindwa kupumua, piga 999. Na wenye hofu ya makaratasi wajue: hapa England, kupimwa na kutibiwa MERS NHS ni bure kwa kila mtu, hata asiye na kibali.