Ramani ya West Nile na Vyombo vya Kuichorea

Kila askari aliyepata mafunzo ya silaha anafahamu kwamba risasi mbili zaweza kuandikwa milimita 7.62 na bado zisiingie katika bunduki moja. Ganda la risasi ya AK lina urefu wa milimita 39, hali lile la G3 lina milimita 51. Mtunza ghala akikosea hapo, kombania nzima itawasili mahali pa kazi ikiwa na masanduku yaliyojaa na bunduki zisizolia. Hitilafu ya jinsi hiyo hiyo imo katika programu za kompyuta, na ubaya wake ni kwamba hakuna awezaye kuishika mkononi na kuipima. Katika Arua na Koboko, ambako polisi na jeshi siku hizi hutegemea ramani, orodha za wakimbizi na hati za forodha zilizomo ndani ya kompyuta, jambo la programu kuoana au kutooana si la mafundi peke yao.

Yapasa kwanza ifahamike jambo hili lilianzaje. Hapo mwanzo ukurasa wa intaneti ulikuwa kama tangazo lililobandikwa ukutani: mtu aliusoma, akabonyeza, akangoja ukurasa mwingine uje. Mnamo mwezi wa Machi 2002 kampuni ya Macromedia ya Marekani ilizipa jina programu za namna mpya, ambazo zilifanya kazi kamili ndani ya kivinjari, yaani kile chombo cha kufungulia kurasa za intaneti. Mtumiaji aliweza kuchora, kukokota, kuhesabu na kusahihisha bila kungoja ukurasa mpya kila mara. Chombo cha Macromedia cha kutengenezea programu hizo kiliitwa Flash. Kampuni ya Adobe iliinunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka 2007 Microsoft ikatoa mshindani wake, Silverlight. Java, iliyotangulia zote mbili, ilikuwa uwanjani tangu 1995.

Vyombo hivyo vyote vilikuwa na sharti moja. Kivinjari chenyewe hakikuvielewa. Ililazimu kupachika ndani yake kipande cha ziada kilichotoka kwa mwenye chombo. Basi mtengeneza programu alijenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na hati ya kiwanja ilibaki kwa mwenyewe.

Mfano ulio karibu na askari ni ramani. Mwaka 2004 Mwingereza aitwaye Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuichora na yeyote kuitumia bila malipo. Mwaka 2007 Richard Fairhurst aliitengenezea chombo cha kuchorea kiitwacho Potlatch, kilichojengwa juu ya Flash. Mtu alifungua kivinjari, akaona picha ya setilaiti ya mji wa Koboko, akafuatisha barabara kwa kipanya, akahifadhi. Hakuhitaji kuweka chochote kipya katika kompyuta yake. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu, na maelfu ya watu walijifunza kuchora ramani kwa njia hiyo. Kando yake palikuwa na chombo kingine, JOSM, kilichoandikwa kwa Java. Hicho ni kigumu zaidi kwa mwanafunzi, lakini kina faida moja kubwa kwa nchi yenye mtandao wa kusuasua: mtu hupakua eneo lake, hufanya kazi siku nzima bila intaneti, kisha hutuma kazi yake mtandao unaporudi.

West Nile ilipata haja ya ramani hiyo kwa ghafla. Baada ya vita kuzuka Sudan Kusini mwezi wa Desemba 2013, na tena baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, watu walivuka mpaka kwa makundi makubwa. Makazi ya Bidibidi katika wilaya ya Yumbe yalifunguliwa Agosti 2016, na katika miezi michache yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Imvepi ilifunguliwa upya Februari 2017. Rhino Camp, iliyokuwapo tangu 1980, ilipanuka. Lobule, katika Koboko, ilikuwa tayari imewapokea Wakongo. Ramani za karatasi zilizokuwa katika ofisi hazikuwa na lolote katika hayo: si barabara mpya zilizofunguliwa na magreda, si visima, si shule za mahema, si zahanati.

Askari aliyewahi kuitwa usiku katika makazi ya namna hiyo anajua maana yake. Huambiwa zoni na namba ya kijiji. Vijiji havina majina yanayojulikana, nyumba zinafanana, na aliyepiga simu ni mgeni kama yeye. Katika hali hiyo, ramani inayoonyesha kisima na njia panda ndiyo inayoamua kama gari la doria litafika baada ya dakika kumi au baada ya saa mbili.

Kikosi cha kujitolea cha wachora ramani wa misaada, kinachojulikana kwa kifupi kama HOT, kilifanya kazi na vijana wa Uganda na wakimbizi wenyewe kuyaingiza makazi ya kaskazini katika OpenStreetMap. Walitumia simu za kawaida zenye fomu zisizohitaji intaneti wakati wa kujazwa. Miongoni mwa vyombo vya kazi ya aina hiyo ni ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na KoBo, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha, ingawa mwenyeji wa Koboko aweza kusamehewa akidhani ni la kwao.

Hapa pana neno moja la kusemwa wazi kwa walinzi wa mipaka. Kijana anayesimama kando ya kisima karibu na Salia Musala, pale Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinapokutana, akigusagusa simu na kuandika namba, hufanana sana na mpelelezi. Mkuu wa kituo ana haki ya kumwuliza kitambulisho na barua. Lakini barabara anayoichora inaonekana tayari katika picha za setilaiti zinazopatikana duniani kote, na kisima anachokiandika ni kile kile ambacho askari wa doria atakihitaji kesho. Kumweka ndani siku tatu hakufichi kitu. Kunapunguza ramani tu.

Kuanzia tarehe 8 hadi 10 Julai 2017, wachora ramani na watengeneza programu wa Afrika walikutana Kampala katika mkutano wa kwanza wa bara hili ulioitwa State of the Map Africa. Katika mikutano ya aina hiyo hotuba si jambo kubwa. Jambo kubwa hutendeka pembeni, pale fundi mmoja anapomwonyesha mwenzake chombo alichokitengeneza, huyu akakijaribu katika simu yake ya bei rahisi, nacho kikakataa. Kosa ambalo lingechukua miezi kugundulika huonekana katika dakika tano.

Siku kumi na tano tu baada ya mkutano huo kumalizika, tarehe 25 Julai 2017, Adobe ilitangaza kwamba Flash itakufa mwisho wa mwaka 2020. Dalili zilikuwapo zamani. Simu za iPhone hazikuikubali Flash kamwe, na mwaka 2011 Adobe yenyewe ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena kwa simu. Kwa Arua na Koboko, ambako watu wengi huiona intaneti kwa simu kabla ya kuiona kwa kompyuta, chombo kisichofunguka katika simu kilikuwa kimekwisha kufa nusu.

Je, ramani ilianguka? Haikuanguka, na sababu yake yastahili kuangaliwa. Wachora ramani walikuwa wameanza kuhama mapema. Mwaka 2012 Fairhurst yule yule alianza kuandika chombo kipya kiitwacho iD kwa lugha ya JavaScript, ambayo kivinjari huielewa chenyewe bila kupachikwa kitu. Mwaka 2013 iD ilitolewa kwa umma. Hivyo tangazo la Adobe lilipokuja, wengi wa wachoraji walikuwa wamekwisha kuvuka mto. Hata Potlatch haikuzikwa. Iligeuzwa kuwa programu ya kuwekwa katika kompyuta, ikitumia AIR, chombo ambacho Adobe ilikikabidhi kwa kampuni ya HARMAN mwaka 2019.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo, au tuseme hawakuwa na maandalizi hayo. Tarehe 12 Januari 2021 Adobe ilizuia kabisa programu za Flash zisifunguke. Mamlaka ya kodi ya Afrika Kusini, SARS, ambayo si ofisi ndogo wala maskini, ilikuwa bado na fomu za walipakodi zilizojengwa juu ya Flash. Mwezi huo huo ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili fomu hizo ziendelee kujazwa. Taarifa ya kifo ilikuwa imetolewa miaka mitatu na nusu kabla.

Wako wanaosema kwamba dawa ni rahisi: kompyuta ya zamani iachwe kama ilivyo, na Flash yake ndani, isiguswe. Shauri hilo laweza kufaa kwa mashine isiyounganishwa na kitu chochote. Kwa mashine iliyo katika mtandao ni hatari. Flash ilijulikana kwa matundu mengi ambayo wezi waliyapitia, na tangu ilipoachwa hakuna anayeyaziba. Kuitumia katika ofisi ya usalama ni sawa na kuweka mlinzi langoni na kuacha ukuta wa nyuma umebomoka.

Upande wa forodha una mfano wake wa Java. Uganda hutumia ASYCUDA World, programu ya shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Ng'ambo ya Vurra, Wakongo hutumia programu hiyo hiyo kwa jina la Kifaransa, SYDONIA World. Imeandikwa kwa Java. Mwezi wa Septemba 2018 kampuni ya Oracle, mwenye Java, ilitoa toleo la 11 ikiwa imekwisha kuondoa ndani yake njia mbili za zamani za kufungulia programu za Java kutoka katika intaneti. Tangu hapo, katika ofisi yoyote yenye programu inayotegemea njia hizo, kijana mwenye bidii anayeweka toleo jipya katika kila mashine aweza kuufunga mlango asijue amefanya nini, na malori yakapanga foleni. Kosa si la kijana. Ni la aliyemkabidhi mashine bila kumwandikia ni toleo gani programu inalitaka, kama vile ghala ya silaha isiyo na daftari.

Habari za namna hii hufika haraka kwa mafundi wanaokutana, na huchelewa kwa wasiokutana. Fundi wa Arua yuko kilomita zipatazo 500 kutoka Kampala. Hadi mwaka 2024 West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya umeme ya taifa. Ilitegemea bwawa dogo la Nyagak, lenye megawati 3.5, pamoja na mashine za dizeli, na kompyuta nyingi zilizimika zikiwa katikati ya kazi. Ni kwa ajili hiyo vyombo visivyohitaji mtandao kila dakika, kama JOSM na ODK, vilipendwa hapo kuliko vile vinavyong'ara zaidi. Mtengeneza programu wa Kampala, au wa California, hafikirii sana juu ya umeme unaokatika saa kumi jioni, mpaka akutane uso kwa uso na mtu anayeishi nao.

Septemba 2024 mkutano wa dunia nzima wa OpenStreetMap ulifanyika Nairobi. Kwa mwenyeji wa Koboko hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na nauli yake si ya mshahara wa fundi wa wilaya. Wakati huo huo, katika Arua kuna Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kufundisha mwaka 2013 na ambacho tangu mwanzo kimetilia mkazo masomo ya teknolojia ya habari. Vyumba vipo, wanafunzi wapo, umeme wa taifa umefika. Mkutano wa siku mbili katika chuo hicho, wenye viti kwa fundi wa mawasiliano wa polisi, karani wa forodha wa Oraba na sajini mwenye dhamana ya ramani katika kambi, ungegharimu pungufu ya matengenezo ya lori moja la doria.

Kazi ya kufanya katika mkutano huo ipo tayari. Mwaka 2019 Madi-Okollo ilikatwa kutoka Arua ikawa wilaya, na mwaka 2020 Terego ikafuata. Rhino Camp na Imvepi zimo sasa katika wilaya hizo mpya, na kila ramani iliyochapishwa kabla ya hapo, pamoja na zile zilizobandikwa katika kuta za vituo, huziweka bado chini ya Arua.