Kwa nini tembo wa kwenye chupa ya bia hacheki

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika baa yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi saa mbili usiku, utagundua kwamba wateja wachache sana husoma maandishi yaliyo kwenye chupa. Taa ni hafifu, muziki uko juu na mhudumu ana haraka. Kinachomwonyesha mteja kwamba bia aliyoagiza ndiyo aliyoletewa ni picha na rangi: mlima, tembo, simba, njano au nyekundu.

Hiyo ndiyo kazi ya nembo. Ni alama isiyobadilika, inayomwezesha hata asiyejua kusoma kuitambua bidhaa yake. Kikaragosi ni kitu kingine. Huyo ni mhusika, awe wa katuni, mnyama aliyefunzwa au mtu aliyevaa sanamu ya mnyama, ambaye hucheza na kutania ili kuinadi bidhaa. Kampuni inayotaka kuingiza bia mpya sokoni hulazimika kuamua mapema kama inahitaji alama peke yake au na mhusika wa kuisemea. Uamuzi huo una uzito kuliko unavyoonekana.

Mfano unaofahamika zaidi katika ukanda huu ni Tusker. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Bia yao ikapewa jina la Kiingereza linalomaanisha tembo mwenye pembe kubwa, na picha ya mnyama huyo ikawekwa kwenye lebo. Kwa hiyo tembo huyo ni kumbukumbu ya msiba, wala hakuchorwa kumchekesha mtu.

Wengine nao wamefuata njia ya wanyama na mandhari. Tanzania ina Ndovu, yenye picha ya tembo, na Kilimanjaro, yenye picha ya mlima. Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutengenezwa bia ziitwazo Simba na Tembo, majina ya Kiswahili yasiyohitaji mkalimani. Msomaji wa Pwani atatabasamu hapo, kwani katika lugha yetu tembo ni mnyama na pia ni pombe ya mnazi.

Uchoraji wenyewe una masharti yake. Kizibo cha bia kina upana wa milimita 26 tu, na nembo ni lazima isomeke hata hapo. Chupa za kioo hurudishwa kiwandani, huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, lebo ya zamani hubanduka na mpya hubandikwa. Lebo hiyo hukaa kwenye jokofu ikilowa, hivyo mistari myembamba na maandishi madogo hupotea. Aidha, nembo hiyo hiyo itapakwa kwa brashi kwenye ukuta wa baa na fundi ambaye hana kompyuta. Ndiyo maana nembo zinazodumu huwa na rangi mbili au tatu, umbo moja kubwa na jina fupi.

Baada ya kuchora hufuata sheria. Usajili wa alama za biashara Tanzania Bara hufanywa na Brela chini ya sheria ya mwaka 1986, na bia huwekwa katika daraja la 32 la mfumo wa kimataifa. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina msajili wake, na Kenya vilevile, hivyo aliyejisajili upande mmoja asidhani amelindwa kote. Mfanyabiashara mdogo anayechapisha lebo kabla ya kukagua daftari la msajili anaweza kujikuta akizichoma moto zote. Ni busara pia kuandikiana mkataba na mchoraji, ili ijulikane tangu mwanzo mchoro ni mali ya nani.

Bia na usajili ni marafiki wa siku nyingi. Alama ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, Januari 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Mwaka huo huo Guinness ilisajili kinubi chake. Taifa jipya la Ireland lilipotaka kinubi kiwe nembo yake mwaka 1922, lilikichora kikielekea upande wa pili.

Kwa upande wa kikaragosi, hatari ni nyingine kabisa. Mtoto hutambua sura kabla ya kutambua herufi. Nchini Marekani, bia ya Bud Light ilimtambulisha mwaka 1987 mbwa aliyeitwa Spuds MacKenzie. Alipendwa mno, wanasesere na fulana zenye sura yake zikazagaa. Wakosoaji, wakiwamo wanasiasa, walilalamika kwamba mbwa huyo anawavuta watoto kwenye pombe. Kampuni haikukubali tuhuma hizo, lakini mwaka 1989 mbwa huyo aliondolewa kwenye matangazo.

Guinness ilipotaka mhusika kwa ajili ya Afrika, ilichagua njia tofauti. Mwaka 1999 ilianza kumtumia Michael Power, mwandishi wa habari wa kubuni, mtu mzima anayekabiliana na matatizo ya watu wazima. Mwaka 2003 alitengenezewa hata filamu.

Suala hili linagusa mitaa yetu. Katika sehemu nyingi za miji, baa, duka na shule viko kwenye barabara moja, na mtoto anayekwenda darasani hupita mbele ya ukuta uliochorwa nembo ya bia kila asubuhi. Kenya, kwa sheria yake ya vileo ya mwaka 2010, ilipiga marufuku kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18 na kutaka vifungashio viwe na onyo la afya. Lakini sheria ya kuuza hukomea kaunta. Picha ya ukutani haimuulizi mtu umri.

Kwa hiyo anayebuni bia yake ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kulipia uchapaji. Je, nembo inatambulika kwenye kizibo, gizani, na kwa asiyejua kusoma? Je, hakuna mwingine aliyeisajili? Na je, ni nani atakayeipenda kwanza? Mchoro ukimvutia mtoto kabla ya baba yake, na uchorwe upya.