Presha ya mjamzito isisubiri gari

Mjamzito wa Kamsamba, kule bondeni wilayani Momba, mkoani Songwe, akikutwa na presha ya 170 kwa 110, mawazo ya kila mtu hukimbilia usafiri. Apigiwe nani? Namba ya bure ya m-mama, 115, ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ipo, na ni msaada mkubwa. Lakini kutoka huko hadi Vwawa, achilia mbali Mbeya, ni mwendo mrefu, na presha haingoji. Kabla ya kuulizia gari, tuulize: ameshapewa dawa?

Ikifika 160 kwa juu au 110 kwa chini, mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Wataalamu wanataka matibabu yaanze ndani ya saa moja. Haidralazini na labetalo za sindano zinafaa, ila zinahitaji mtu wa kumwangalia mgonjwa kwa karibu. Mwaka 2019, utafiti wa Nagpur, India, uliochapishwa katika jarida la The Lancet, uliwapa wajawazito 894 dawa za kumeza tu. Ndani ya saa sita presha ilidhibitiwa salama kwa asilimia 84 ya waliopewa nifedipini, 77 ya waliopewa labetalo na 76 ya waliopewa methildopa. Kwangu mimi, hiyo ni habari ya Songwe kabisa: kidonge hakihitaji dripu wala daktari bingwa.

Kidonge cha nifedipini kimezwe, kisitobolewe na kudondoshwa chini ya ulimi kama ilivyozoeleka zamani. Presha ikiporomoka ghafla, mtoto tumboni hukosa damu ya kutosha. Sindano ya magneziamu nayo haishushi presha. Kazi yake ni kuzuia kifafa cha mimba, na utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hupunguza hatari hiyo kwa nusu. Mama huyu wa Kamsamba anaweza kuzihitaji dawa zote mbili kabla hajapakiwa garini.

Kina mama wa Tunduma, mnaovuka mpaka kwenda Nakonde kwa biashara, tembeeni na kadi ya kliniki. Msiazime dawa za presha za mama mkwe. Kaptoprili na losatani humdhuru mtoto. Kichwa kikigonga, macho yakiingia ukungu au ukiumwa chini ya mbavu, nenda zahanati usiku huohuo.

Nanyi wakuu wa halmashauri, hakikisheni mkunga anayempokea mjamzito ana kipimo kizima cha presha, nifedipini na magneziamu kabatini.