Mto Ndani ya Pango la Noeli

Bila shaka umepata kuona pango la Noeli katika kanisa la parokia yako au katika kigango. Yumo Mtoto, Mama yake, Mtakatifu Yosefu, wachungaji, ng'ombe na punda. Lakini je, wachungaji hao wanawanywesha wapi kondoo wao? Leo tuzungumze juu ya maji: namna ya kutengeneza kijito ambacho mtu akikiona atataka kuchovya kidole, ingawa ndani yake hamna hata tone moja.

Wengine watasema kwamba Injili haitaji mto wowote katika habari ya kuzaliwa Bwana. Ni kweli. Wala haitaji ng'ombe na punda. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa Noeli yake kule Greccio, nchi ya Italia, mwaka 1223, alitaka hori, majani makavu, na ng'ombe na punda walio hai. Tangu hapo kila nchi imeongeza vya kwake. Huko Marseille na pande zile za Ufaransa, mafundi wa sanamu ndogo za udongo zenye kupakwa rangi waliongeza mvuvi, mwokaji mikate na msaga unga. Na penye kinu cha maji hapana budi pawe na mto. Marehemu Papa Fransisko, katika barua aliyoitia sahihi pale pale Greccio tarehe 1 Desemba 2019, aliwataja hata wanawake wabebao mitungi ya maji. Basi sisi wa Nyarero, ambao mama zetu na dada zetu huteka maji, twaona haya gani kumweka mwanamke na mtungi wake kando ya kijito? (Kama abebe dumu la njano, hilo wazee wa kigango waamue.)

Usitumie maji ya kweli. Beseni la maji likikaa wiki mbili au tatu chini ya majani huwa kitalu cha mbu, na pembeni watoto wanasali. Tena maji hulowesha udongo na maboksi, na pango zima huporomoka.

Sanamu waweza kuzifinyanga kwa udongo, au kununua za mawe ya sabuni yachongwayo Tabaka, upande wa Kisii, si mbali na mpaka wetu wa Sirari. Chini yake weka ubao au plaiwudi nene. Boksi halifai, maana gundi ikikauka huvuta na kulipinda. Kingo za mto zifanye kwa magazeti yaliyolowekwa, yakapondwa, yakakamuliwa na kuchanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Uji wa unga wa muhogo nao hushika, ila panya watakushukuru. Acha vikauke kabisa, hata kama ni siku nne au tano.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua rangi ya buluu na kupaka. Niambie, ni lini uliona kijito cha buluu hapa Tarime? Maji hayana rangi ya kuonekana katika kijito kidogo. Unachokiona ni tope lililomo, mchanga ulio chini, na mbingu iliyo juu. Ukisafiri kwenda Musoma, tazama ukiwa kwenye daraja la Kirumi. Mto Mara umetoka mbali, Mau nchini Kenya, na mvua zikinyesha hushuka na udongo hata ukawa kama chai ya maziwa. Basi paka chini ya mto wako rangi ya udongo: katikati, penye kina, iwe nyeusi-nyeusi, na kadiri unavyokaribia ukingo iwe hafifu, mpaka ifanane na mchanga.

Rangi ikikauka, tia maji yako. Gundi ile nyeupe ya mbao hukauka ikawa angavu, lakini kwa tabaka nyembamba tu, si zaidi ya unene wa ukucha. Ukiimwaga nyingi kwa mara moja, katikati hubaki nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Vanishi ni bora: mikono mitano au sita, na kati ya mkono na mkono siku nzima. Hugeuka manjano kidogo, na kwa mto wetu wenye tope hilo si hasara. Mafundi wa meza mijini hutumia rezini ya chupa mbili. Inapendeza sana, lakini ni ghali, hupata moto inapoganda, na hupenya kila ufa wa ukingo. Anayeitumia afanye kazi nje, avae glavu, na watoto wakae mbali.

Kwa kidimbwi kilichotulia, mimi nachagua njia ya wazee wa Ulaya: kipande cha kioo cha kujitazamia. Kilaze sawasawa, maana maji yaliyotulia hayainami, kisha ficha kingo zake kwa mchanga na nyuzi za katani zilizopakwa kijani kuwa matete. Ng'ombe akiinamisha kichwa, uso wake utaonekana chini.

Mawimbi yafanye madogo. Piga hesabu: sanamu ya mtu yenye sentimita 10 ni kama mtu wa sentimita 170, yaani mara 17. Wimbi la sentimita moja litakuwa sentimita 17, na hilo si la kijito. Gusa-gusa tu gundi kwa kijiti. Povu jeupe liwe pale maji yanapogonga jiwe, si pengine. Na mnyama aliyeingia mtoni asisimame juu ya maji kama juu ya meza. Mkate miguu kidogo kabla ya kumgandisha.

Usiweke mshumaa karibu. Karatasi, nyasi na vanishi vyote huwaka. Taa ya betri yatosha.

Anza mwanzoni mwa Majilio, si mkesha wa Noeli. Sikukuu zikiisha, futa mto kwa kitambaa kikavu, maana gundi ikilowa hulegea, uufunge katika gazeti na kuuweka juu pasipofikiwa na panya. Mwaka ujao utaongeza mkono mmoja wa vanishi, na maji yatang'aa tena.