Kusahihisha Picha Elfu kwa Amri Moja

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara huiona milima ya Udzungwa kuumeni kwake, ikilitazama bonde la Kilombero. Katika misitu yake, kuanzia mwaka 2009, watafiti waliweka kamera kwenye vituo 60, kila kimoja kwa siku 30 hivi. Kamera ya aina hii hupiga picha bila mtu, pindi inapohisi joto la mnyama apitaye, nayo hutia tarehe na saa katika kila faili. Kamera kama hizo ndizo zilizomnasa, mwaka 2005, sange mwenye uso wa kijivu, aliyetangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008.

Kazi nzito huanza picha zikishakusanywa. Tuseme aliyeitia majira saa ya kamera moja alihesabu kwa Kiswahili: ilikuwa saa mbili asubuhi, naye akaandika 2:00, ilhali kamera huhesabu tangu saa sita ya usiku na ilistahili 8:00. Sange apitaye asubuhi ataonekana kuwa mnyama wa usiku wa manane, na mchunguzi wa mwenendo wake atapotoka kabisa. Ikiwa picha ni 3,000, kuzisahihisha moja moja, hata kwa nusu dakika kila moja, ni kazi ya saa 25.

Kompyuta hupewa amri moja: fungua faili, soma wakati, ongeza saa sita, ukivuka usiku sogeza na tarehe, hifadhi, kisha rudia kwa faili inayofuata mpaka zishe. Mashine haichoki. Lakini pia haina shaka: ikiambiwa ipunguze badala ya kuongeza, itakosea mara 3,000 kwa utiifu uleule.

Kosa hilo hutenguka, maana kilichopunguzwa chaweza kurudishwa. Mwanga ni jambo jingine. Picha ni jedwali la nukta, na mwanga wa kila nukta huandikwa kwa namba, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Ili kuing'arisha picha ya msitu wenye giza, programu huongeza, mathalani, 40 kwa kila nukta. Nukta yenye 220 na yenye 240 zote huishia 255, kwa kuwa hakuna namba zaidi. Tofauti yao, ambayo labda ilikuwa mchirizi wa manyoya, imepotea. Kupunguza 40 kutaleta 215 mara mbili. Kwa hiyo faili za asili haziguswi. Amri hutekelezwa juu ya nakala, baada ya kujaribiwa kwa picha tano au sita, za mchana na za usiku, zikakaguliwa kwa macho ya mtu.