Farasi Sita, Odds Karibu Sawa: Vile Mbio Zilizobanana Hukula Doo Yako na Jinsi ya Kucheza Chini

Ingia base yoyote ya kubeti hapa Naks, iwe Kenyatta Avenue ama mtaani huko Free Area na Kaptembwo, halafu cheki screen. Kama mpira haujaanza, wasee wamehamia farasi. Sita wako kwa laini. Wa kwanza ana odds za 4.50, wa mwisho 6.00, na wengine wamejipanga hapo katikati. Hakuna mmoja anayepigiwa upato kuwaacha wenzake mbali. Hapo ndipo msee anatoa soo mbili akisema, "Hii ni rahisi, yeyote anaweza shinda."

Ni kweli, yeyote anaweza kushinda. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kushika mfuko kwanza kabla ya kuufungua. Mbio zikibanana, wengi huuliza, "Nani atashinda?" Swali la maana ni hili: bei niliyopewa inatosha hatari ninayobeba?

Tutumie hesabu ya primary tu. Hakuna uchawi hapa.

Kwanza jua unabetia farasi gani

Kuna farasi wa aina mbili na watu huwachanganya kila siku.

Wa kwanza ni farasi wa kompyuta, wale wa virtual wanaokimbia kila baada ya dakika chache. Hawa hawana miguu, hawana joki, hawajui mvua wala jua. Mshindi anachaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "namba 4 haijashinda tangu asubuhi, sasa ni zamu yake," jua hapo hakuna strategy. Programu haikumbuki mbio iliyopita na haina deni na namba 4. Hata uandike matokeo ya wiki nzima kwa kitabu, mbio inayofuata inaanza upya.

Wa pili ni farasi wa damu na nyama. Hapa Kenya wanakimbia Ngong Racecourse, Nairobi, uwanja uliofunguliwa 1954 na unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya. Wengine ni wale wa Uingereza na Afrika Kusini wanaoonyeshwa kwa apu za kubeti. Hawa wana historia, uzito, mkufunzi na siku mbaya. Kwao, akili inaweza kusaidia kidogo.

Strategy yoyote utakayosoma hapa chini ni ya hawa wa pili. Kwa farasi wa kompyuta, strategy ni moja: jua ni burudani, na uamue mapema burudani hiyo itakugharimu ngapi.

Piga hesabu ya meza nzima

Tuseme odds za wale sita ni 4.50, 4.80, 5.00, 5.20, 5.50 na 6.00. Chukua 100, ugawe kwa kila odds. Unapata asilimia ambayo bei hiyo inabeba:

- 4.50 ni 22.2
- 4.80 ni 20.8
- 5.00 ni 20.0
- 5.20 ni 19.2
- 5.50 ni 18.2
- 6.00 ni 16.7

Jumlisha. Inakuja 117.1. Lakini mbio ni moja na mshindi ni mmoja, kwa hivyo jumla ilifaa kuwa 100. Hiyo 17.1 ya juu ndiyo mkate wa kampuni.

Bado haijashika? Jaribu kubetia wote sita ili yeyote akishinda upate ngiri moja. Utaweka 222, 208, 200, 192, 182 na 167. Jumla 1,171. Umetoa 1,171 kupata 1,000, na ulikuwa na mshindi mkononi! Umelala 171 bila hata kukosea.

Sasa angalia kitu kingine. Kama farasi sita wako sawa kabisa, bei ya haki ni 6.00 kwa kila mmoja. Kwa meza yetu ni mmoja tu anayelipa hivyo. Watano waliobaki wanalipa chini. Kwa hivyo unaposema "wote wako sawa" halafu unachukua wa 4.50, umejipinga mwenyewe. Ukiamini wako sawa, hakuna beti yenye faida kwa hiyo meza.

Fanya hii hesabu kabla ya kila mbio. Jumla ikiwa karibu na 105, bei si mbaya. Ikipita 115, kampuni inakula kabla wewe hujaonja.

Mbona farasi hubanana hivyo?

Mara nyingi si bahati, imepangwa. Kuna mbio zinaitwa hendikapu. Farasi mkali anabebeshwa uzito zaidi, mdhaifu anapunguziwa, ili kwa karatasi wote wafike pamoja. Akishinda leo, next time anaongezewa mzigo. Akipoteza mfululizo, anapunguziwa.

Maana yake ni kwamba ukiona farasi ameshinda mara mbili za mwisho, usimrukie haraka. Huenda leo amebeba mzigo wa sifa zake. Na yule aliyemaliza wa nne na wa tano huenda leo yuko mwepesi kuliko alivyokuwa miezi kadhaa iliyopita.

Fomu ni gani?

Mtaani "fomu ni gani" ni kuuliza mpango. Kwa farasi, fomu ni rekodi yake, zile namba ndogo kando ya jina. Mbio zikibanana, angalia haya kabla ya namba hizo:

*Umbali.* Farasi wa mita 1,200 si lazima aweze mita 2,000. Uliza kama amewahi kufanya vizuri umbali wa leo.

*Uwanja.* Nyasi kavu na nyasi iliyonyeshewa ni viwanja viwili tofauti. Kuna farasi wanaoteleza na kuna wanaopenda matope.

*Joki.* Joki mwanafunzi huruhusiwa kupunguziwa uzito kwa sababu hana uzoefu. Akiwa na kipaji, hiyo ni bonasi ambayo wengi hawaioni.

*Mapumziko.* Farasi aliyekaa nje miezi mingi anaweza kuwa fresh, ama bado hajapata pumzi. Kama huna njia ya kujua, hiyo ni sababu ya kumwacha.

Baada ya hapo, andika asilimia zako mwenyewe kwa karatasi bila kuangalia odds. Wote sita lazima wajumlike 100. Kisha linganisha. Ukimpa farasi asilimia 25 na bei yake ya 5.00 inabeba 20, hapo kuna kitu cha kufikiria. Ukimpa 18 na bei inabeba 20, mwache hata kama roho inampenda.

Somo kutoka Njoro

Rift hii yetu ina historia na hizi mambo. Beryl Markham, yule mwanamke aliyevuka Atlantiki kwa ndege peke yake 1936, alilelewa Njoro, safari fupi tu ya matatu kutoka Nakuru. Babake alikuwa mkufunzi wa farasi na yeye akafuata kazi hiyo akiwa bado mdogo.

Mwaka wa 1926, kwa mbio za St Leger jijini Nairobi, kulikuwa na farasi anaitwa Wrack. Beryl ndiye alikuwa amemnoa, lakini mbio zikikaribia, mwenye farasi akampeleka kwa mkufunzi mwingine. Beryl akabaki na Wise Child, jike mwenye damu nzuri lakini mishipa ya miguu ilikuwa imeumia. Wise Child akashinda.

Ukiskia hiyo story unaweza kusema, "Basi mimi pia nitabetia mnyonge." Pole pole. Beryl alikuwa na kitu ambacho watu wa tiketi hawakuwa nacho: alikuwa amewafunza wote wawili. Alijua pumzi ya Wrack na alijua miguu ya Wise Child kila asubuhi. Wewe uko mbele ya screen, na aliyeweka odds amesoma zaidi yako. Kwa hivyo kabla ya kutoa doo, jiulize: ni nini najua ambacho hii bei haijui? Jibu likiwa "nahisi tu," umepata jibu.

Ukiamua kucheza, cheza hivi

*Nafasi badala ya ushindi.* Kuna beti inayolipa farasi wako akimaliza kati ya wa kwanza. Kawaida, mbio za farasi 5 hadi 7 hulipa wawili wa mbele, na 8 kwenda juu hulipa watatu. Malipo ni madogo, lakini kwa mbio ambapo pua ndiyo inaamua, hukufi kwa sababu ya sentimita mbili. Soma sheria za kampuni kwanza.

*Kugawa dau.* Kama umeridhika kwamba watatu wa mwisho hawana kitu, unaweza kugawa dau kwa watatu waliobaki. Kwa meza yetu: 222 kwa 4.50, 208 kwa 4.80, 200 kwa 5.00. Umetoa 630, na mmoja wao akishinda unapata karibu 1,000. Inakaa poa, lakini lazima hao watatu washinde zaidi ya mara 63 kwa mbio 100. Ukiitoa ile faida ya kampuni, odds zenyewe zinawapa kama 54. Hiyo tofauti lazima itoke kwa unachojua, si kwa unachotamani.

*Kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio.* Hapa ndipo watu huchomeka. Farasi sita wana mipangilio 30. Kama wako sawa, bei ya haki ni 30. Tuseme unapewa 22: kwa kila soo unayoweka, baada ya muda mrefu unaacha kama bob 27 mezani. Ukiongeza wa tatu, mipangilio inaruka hadi 120. Kadiri mbio zinavyobanana, ndivyo hii beti inavyozidi kuwa lotari.

*Picha na sare.* Wakifika pamoja, kamera ya mstari wa mwisho ndiyo inaamua, kwa hivyo usichane tiketi mapema. Wakitangazwa sare, dau lako linagawanywa mara mbili. Soo moja kwa 5.00 haileti 500, inaleta 250.

Kuna mkono mwingine mfukoni

Tangu Julai 2025, ukiweka pesa kwa akaunti ya kampuni ya kubeti, 5% inaenda ushuru. Ukitoa, 5% nyingine inaenda. Weka 1,000, inabaki 950. Itoe yote bila kubeti hata mara moja, inafika 902.50. Yaani umeanza mbio ukiwa nyuma karibu soo moja, na farasi hajatoka getini.

Ndiyo maana saizi ya dau ni muhimu kuliko jina la farasi. Tenga pesa ambayo ikipotea rent bado inalipwa na unga bado unanunuliwa. Kwa kila mbio, usipitishe asilimia 2 ya hiyo pesa. Kama ni 2,000, dau ni 40. Najua 40 haina mbwembwe. Lakini hata mtu mwenye hesabu safi anaweza kupoteza mara kumi mfululizo kwa mbio za farasi sita, na lazima abaki na kitu ya kesho. Mkeka ukichanika, usiongeze dau kufukuza ile imeenda. Na kama umeanza kukopa kwa simu ili ubeti, hapo hakuna mbinu ya odds itakusaidia. Funga akaunti na uongee na mtu unayemwamini. Kama hujafika 18, hii meza si yako kabisa.

Kwa mbio kumi zilizobanana, ukifanya hesabu kwa ukweli, unaweza kupata moja yenye bei inayofaa, ama ukose kabisa. Hizo zingine unaangalia tu, unapiga kelele na mbogi, na soo mbili yako inarudi nayo home.