Presha Inaposhuka Mashineni: Si Maji Peke Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi chujio la mashine linavyobeba kazi ya figo zilizoshindwa. Leo tuangalie jambo linalowatia hofu wagonjwa wengi: presha kushuka katikati ya kusafishwa damu. Dalili zake kila muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu anazijua. Saa ya tatu ya kipindi, mgonjwa huanza kupiga miayo, jasho jembamba humtoka usoni, msuli wa mguu hukaza, kisha husema anaona giza. Muuguzi humlaza na kumwinua miguu, husimamisha uvutaji wa maji na kumpa maji ya chumvi kupitia mpira. Baadaye mgonjwa huambiwa kwamba alikunywa maji mengi. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika madini.

Tuanze na maji. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine hupewa saa 12, yaani vipindi 3 vya saa 4. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeongezeka kilo 3 za maji huvutwa mililita 12.5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Akiongezeka kilo 4, kiwango hukaribia 17. Tafiti zimeonyesha kuwa wanaovutwa zaidi ya 13 hufariki kwa wingi zaidi. Sehemu ya majimaji ya damu yote ni takriban lita 3 tu, hivyo maji yaliyotuama mwilini hayana budi kurudi mishipani upesi kufidia yanayotoka. Yakichelewa, kinachoizuia presha isianguke ni moyo kusukuma kwa nguvu na mishipa kujibana.

Hapo ndipo madini yanapoingia. Msuli wa moyo na kuta za mishipa hujikaza kwa msaada wa kalsiamu. Dayaliseti, yaani maji yenye madini yanayopita upande wa pili wa chujio, ikiwa na kalsiamu ya milimoli 1.25 kwa lita, presha huelekea kuwa chini kuliko ikiwa na 1.5 au 1.75. Magnesiamu nayo inashangaza: kwa kawaida hulegeza mishipa, hivyo mtu angedhani kuipunguza kutapandisha presha. Majaribio yalionyesha kinyume chake: magnesiamu ya 0.25 pamoja na kalsiamu ya 1.25 iliongeza matukio ya presha kushuka, kwa kuwa moyo ulipungukiwa nguvu ya kusukuma.

Msomaji atauliza: kwa nini basi kila mtu asiongezewe kalsiamu? Kwa sababu kalsiamu inayozidi hujijenga katika kuta za mishipa na kuifanya migumu. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, KDIGO, unapendekeza kalsiamu ya kati ya 1.25 na 1.50. Mwingine atasema iongezwe sodiamu. Kweli, sodiamu huituliza presha siku hiyo, lakini mgonjwa hurudi nyumbani na kiu kali, hunywa, na kipindi kijacho huja na kilo nyingi zaidi za kuvutwa. Potasiamu nayo ikishushwa ghafla huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Pingamizi hizi haziondoi hoja yetu, zinaithibitisha: hakuna dayaliseti moja inayomfaa kila mtu.

Kwa hiyo presha inaposhuka mara kwa mara, kumlaumu mgonjwa hakutoshi. Uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada, upimwe upya, muda wa kipindi uongezwe ikiwezekana, maji ya mashine yapoozwe kidogo, na vipimo vyake vya madini vilinganishwe na dayaliseti anayopewa. Nawe mgonjwa, punguza chumvi kabla ya kupigana na kiu, na umwulize daktari wako: damu yangu ina kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kiasi gani, na maji ya mashine yana kiasi gani? Una haki ya kujibiwa.